Nani Aliyeamua Kwamba Mnyonge Atosheke na Masalio?

Mwanafunzi mpenzi, uupime mfano huu mwenyewe. Mwezi Mei 2020 kampuni ya AMD ya Marekani ilianza kuuza kichakataji, yaani ule ubongo wa kompyuta ambao wengi huuita prosesa, kwa dola 99. Kiliitwa Ryzen 3 3100, na kiliziweza kazi za shule na za ofisi bila kuhema. Novemba mwaka huohuo kikaja kizazi kipya, na cha bei ya chini kabisa siku ya uzinduzi kilikuwa dola 299. Septemba 2022 kizazi kilichofuata nacho kikaanzia dola 299, tena kikidai ubao mpya na kumbukumbu za aina mpya. Mwenye dola 100 aliachwa mlangoni.

Watetezi wao husema nafasi viwandani ni finyu: kisahani cha silikoni kikikatwa vichakataji vya seva huleta faida kubwa kuliko kikikatwa vya mwanafunzi. Hesabu hiyo naikubali. Nisilolikubali ni kuambiwa kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo, kwa maana mwanzoni mwa 2022 mshindani wao, Intel, alitoa Core i3-12100F kwa takriban dola 100, na watu wakaisifu. Basi iliwezekana. Aliyekosekana kwa wale wengine ni mwenye nia.

Kisha tunaambiwa: nunueni zilizotumika. Sisi huku Uganda hatuhitaji kufundishwa mitumba! Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inavikataa rasmi karibu vichakataji vyote vilivyotengenezwa kabla ya 2017. Kwa hiyo mmoja anazindua vizazi vipya bila cha bei nafuu, mwingine anakifungia nje kilichozeeka, na katikati yao amesimama mwalimu wa kijijini na mashine zake kumi. (Linux ipo, najua, lakini ni shule ngapi zenye fundi anayeijua?)

Nawe, ukimsikia kiongozi akiahidi masomo ya kidijitali wilayani kwako, simama umuulize: kompyuta za bei gani, zenye kichakataji gani, na zitapokea masasisho ya usalama mpaka mwaka gani?