Nyayo za Laetoli Ziachwe Chini ya Mchanga

Kila zinapotajwa nyayo za kale za Laetoli, huku Tanzania, hakosekani mtu wa kulalamika kwamba hazina ya taifa imefukiwa na mwananchi hana ruhusa hata ya kuitupia jicho. Uchungu wake naufahamu, walakini, kwa rai yangu, mlalamikaji huyo hajazingatia namna kisukuku cha aina ile kinavyoumbika.

Mfupa hudumu kwa sababu hugeuka. Mnyama akifa akafunikwa na tope upesi, kabla fisi na jua hawajamaliza kazi yao, maji ya ardhini yaliyochukua madini hupenya katika vitundu vya mfupa, na madini yale huganda humo dahari baada ya dahari hata mfupa ukawa jiwe. Ndiyo maana mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyolala huko Lindi miaka ipatayo milioni 150, iliweza kuchimbuliwa na Wajerumani baina ya 1909 na 1913, ikachukuliwa na wapagazi hadi pwani, ikavuka bahari, na leo imesimama Berlin. Kama ni haki isimame huko, hilo ni shauri jingine. Sandarusi nayo, utomvu wa mti uliogandia ardhini, na pengine umemfumbata mdudu mzima na mbawa zake, ilisafirishwa kutoka Unguja hadi Marekani bila ya kudhurika.

Lakini unyayo haukuachiwa kitu cha kugeuka jiwe. Huko Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita, mlima wa moto ulimwaga jivu, manyunyu yakalilowesha, na jivu lile, kwa kuwa lilikuwa na chokaa ndani yake, likaanza kushikana kama saruji. Wakapita kanga, sungura na tembo, wakapita na viumbe wa ukoo wetu kwa miguu miwili, mmoja akikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake. Hata matone ya mvua yameacha vishimo vyao. Kisha likashuka jivu jingine, likafunika yote, na kufunikwa huko ndiko kulikoziokoa nyayo hizo.

Jopo la mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey lilizifunua mwaka 1978, na mwaka uliofuata zikafukiwa tena, lakini ule udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga, zikaota, na mizizi ikateremka kuzielekea nyayo, hata katika miaka ya 1990 wahifadhi wakalazimika kuifyeka miti, kuiondoa mizizi kwa uangalifu na kufukia upya kwa tabaka za mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Kumbe hata kufukia kwataka ilimu!

Anayetaka kuziona na aende kwenye makumbusho ya Oldupai, kwenye nakala iliyotolewa kwa kalibu. Na fedha ambazo wengine wangependa zijenge jumba juu ya nyayo zenyewe, bora alipwe nazo mtu wa kung'oa miche ya migunga kila masika yaishapo.