Aliyekufa Altamont ana jina

Wasee, wajuaji wa roki hupenda kusema eti Altamont, California, Desemba 6, 1969, ndipo ndoto ya mahipi ilikufa. Ndoto gani? Aliyekufa ni Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18 kutoka Berkeley, akadungwa kisu na mmoja wa Hells Angels mbele ya jukwaa la Rolling Stones. Ndio, alikuwa amechomoa bastola, na aliyemdunga akaachiliwa na korti 1971. Sawa. Lakini filamu ya Gimme Shelter inaonyesha akidungwa, inarudisha nyuma, inaonyesha tena polepole. Kaburi lake Vallejo nalo? Lilikaa bila jina hadi 2008! Nimemsaka mtandaoni wiki nzima: kisu kiko kila mahali, yeye hayuko. Ukiposti ile klipu tena, andika jina lake.