Fungueni kabati, mgonjwa bandia si pambo la chuo

HEBU jiweke kwenye kitanda cha wadi ya umma, saa nane za usiku, homa imekushika. Anakuja kijana wa rika lako, sare imenyooka, kitambulisho cha chuo kinaning'inia shingoni, mkononi ana kanula ya kukuwekea dripu. Anatafuta mshipa, anakosa. Anajaribu tena. Mara ya tatu unaona jasho linamtoka yeye kuliko wewe mgonjwa. Unatamani kumuuliza, "Aki, hii kitu umewahi kuifanya kweli?" Lakini jibu lenyewe unaliogopa.

Swali ni zuri, ila huyo kijana si wa kuulizwa. Liulizwe chuoni kwake.

Kila muuguzi ana mara yake ya kwanza. Hata yule sista mkali wa wadi, ambaye wanafunzi humkwepa kwenye korido, alianza akitetemeka. Tatizo ni mwili wa nani unaolipia mara hiyo ya kwanza. Mara nyingi huwa ni wa mgonjwa wa hospitali ya umma, asiye na mtu mkubwa wa kumpigia simu alalamike.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Mnamo 1911 hospitali ya Hartford, kule Connecticut, Marekani, ilipata mwanasesere wa kimo cha mtu mzima kwa ajili ya wanafunzi wake wa uuguzi. Aliitwa Mrs Chase, kwa jina la Martha Chase aliyemtengeneza, mama ambaye biashara yake ilikuwa wanasesere wa watoto. Wanafunzi walijifunza kumgeuza, kumvisha na kumhamisha kitandani. Wagonjwa bandia wa leo wanapumua, wanapepesa macho, mpigo wa moyo unaushika kwenye kifundo cha mkono, na mkufunzi akibonyeza kompyuta presha inaporomoka mbele yako.

Wako pia wa bei ya chini, na hao ndio wanaotufaa zaidi. NeoNatalie ni mtoto mchanga wa kujazwa maji ili awe na uzito wa kweli. Mkufunzi akifinya kipira, kifua kinapanda na kushuka. MamaNatalie anafungwa tumboni mwa mkufunzi, ambaye anaigiza mama anayejifungua, kisha anaachilia "damu" imwagike. Mwanafunzi ana sekunde chache za kuamua: akande tumbo la uzazi, aite usaidizi, ama asimame tu akitazama? Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua akina mama wengi zaidi hapa Kenya. Ila mwanafunzi anaweza kumaliza zamu zake zote za leba bila kukutana nako hata siku moja, halafu akakutane nako akiwa peke yake kwenye zahanati ya mashinani, barabara imekatika kwa mvua. Hapo ndipo unataka awe ameshaifanya mara ishirini na mdoli.

Sasa, kabla chuo chochote hakijaitisha kamera na utepe wa kukatwa, tuangalie kilichotokea kwa majirani. Katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, wakitumia mdoli. Walipopimwa kwa mdoli, walikuwa wameboreka sana. Walipofuatiliwa leba kwa watoto wa kweli, utendaji haukubadilika. Utafiti huo ulichapishwa 2013. Watu wa Haydom hawakutupa mdoli. Walimweka karibu na leba, wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5, mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua.

Yaani mdoli ni yuleyule, tofauti ilikuwa marudio. Mchezaji wa mpira hafanyi mazoezi Jumatatu moja kisha akangojea fainali.

Ndiyo maana tunasema vyuo vyetu vifungue kabati. Mgonjwa bandia anayekaa kwenye karatasi ya plastiki akingoja wakaguzi hana tofauti na kiti cha wageni. Na mmoja akizungukwa na wanafunzi sitini, wale wa nyuma wanaona visogo vya wenzao tu. Badala ya mashine moja ya kifahari ambayo ikiharibika hakuna fundi, nunueni midoli kumi ya kawaida, kisha mweke saa zake kwenye ratiba, jioni na wikendi zikiwemo. Wakufunzi nao wafunzwe. Kazi kubwa ya zoezi huja baada yake, mkikaa chini na kuulizana ulifikiria nini pale presha iliposhuka, bila mtu kuchekwa. Mkufunzi anayegeuza kikao hicho kuwa cha kufokea watu ameharibu kila kitu.

Kuna watakaotaka kupunguza safari za hospitalini wakisema mdoli anatosha. Watatoa mfano wa utafiti mkubwa wa Marekani wa 2014, ambapo wanafunzi wa uuguzi waliobadilishiwa hadi nusu ya saa zao za hospitalini hawakufanya vibaya kuliko wenzao. Ni kweli, lakini walikuwa na wakufunzi waliofunzwa kwa kazi hiyo na vifaa vya kutosha. Sisi bado. Halafu mdoli hamwiti mama yake akisikia uchungu. Haoni haya kuvuliwa nguo mbele ya kijana wa miaka ishirini, wala hakwambii kwa Kikamba mahali panapouma huku wewe umesoma Kiingereza kitupu. Hayo utayajifunza wadini, ukiwa mkono umeshatulia.

Komredi unayesomea uuguzi, muhula huu muulize mkuu wa idara mambo mawili: midoli ni mingapi, na ufunguo wa chumba chake anakaa nao nani baada ya saa kumi na moja jioni.