Damu haipo, au fomu ya daktari ndiyo inaimaliza?

Wadau, kila benki ya damu ikikauka wimbo ni uleule: watu hawachangii. Sawa, wachangiaji zaidi wanatakiwa. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanzishwe Tanzania mwaka 2004 tunahimizwa, na tuendelee kuhimizana. Lakini kuna upande hatuugusi. Chupa ikishapatikana, nani anaamua apewe nani, na anaamua kwa kigezo gani?

Anayeamua ni daktari wa wodini anayejaza fomu ya kuomba damu. Na hapo mara nyingi kinachoongoza ni mazoea. Mwaka 1942 madaktari wawili wa Marekani, Adams na Lundy, walipendekeza mgonjwa wa upasuaji aongezewe damu kama Hb, ile namba ya wingi wa damu, iko chini ya 10. Pendekezo likageuka sheria, likarithishwa toka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Mwaka 1999 utafiti wa Kanada kwa wagonjwa mahututi 838 ukaonyesha kwamba kusubiri hadi Hb ishuke chini ya 7 hakukuongeza vifo. Leo miongozo mingi inataja 7 kwa mtu mzima aliyetulia na asiyevuja damu. Sasa jiulize, ni chupa ngapi zinakwenda kwa wagonjwa wa 8 au 9 ambao wangetosha kutibiwa chanzo na kupewa vidonge vya madini ya chuma?

Kwetu Afrika Mashariki damu nyingi huenda kwa watoto wenye malaria na kina mama wanaojifungua. Utafiti wa hospitali ya Siaya, Kenya, uliochapishwa 1992, ulionyesha damu inaokoa watoto waliopungukiwa sana, hasa wanaopumua kwa shida, mradi waipate mapema. Waliongezewa zaidi ya siku mbili baada ya kulazwa hawakuonekana kufaidika. Mwaka 2019 yakaja matokeo ya Uganda na Malawi: watoto wenye Hb kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, wakiongezewa papo hapo au wakisubirishwa chini ya uangalizi, vifo havikutofautiana. Ila sikilizeni vizuri: karibu nusu ya waliosubirishwa waliishia kuhitaji damu. Kwa hiyo kusubiri si kumtelekeza mtoto. Ni kumpima tena na tena, na damu iwe karibu.

Upande wa pili, namba inaweza kudanganya. Mama akivuja damu nyingi leba, Hb haishuki saa ileile. Daktari anayengoja majibu ya maabara ndipo aombe damu anaweza kumpoteza mama huku cheti kinasoma 10. Kwa hiyo ujuzi si kuwa bahili wa damu. Ujuzi ni kumtazama mgonjwa: mapigo ya moyo, presha, pumzi, damu inayotoka.

Jamani, damu ni dawa, tena dawa yenye madhara. Ukimpa mtu kundi lisilo lake unaweza kumuua. Ukimpa nyingi kwa haraka moyo unaelemewa na mapafu yanajaa maji. Kwa mtu mzima chupa moja hupandisha Hb kwa takriban 1, kwa hiyo asiyevuja damu apewe moja, apimwe, ndipo iamuliwe kama kuna ya pili. Ile tabia ya kuagiza mbili kwa mpigo haina msingi. Na chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35 hadi 42 tu.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Kila hospitali iwe na kamati inayokagua fomu: damu iliombwa kwa nini, Hb ilikuwa ngapi, mgonjwa alikuwaje. Madaktari wapya wafundishwe hili wodini, siyo darasani tu. Na sisi ndugu wa wagonjwa tuulize kwa heshima: "Dokta, damu yake ni ngapi, na kuna njia nyingine?" Akisema ni dharura, usibishane, kimbia ukachangie.

Kuhimiza watu wachangie bila kukagua matumizi ni kujaza maji kwenye pakacha. Madaktari na manesi mliomo humu, wodini kwenu nani anakagua fomu hizo? Uwanja ni wenu.