Saratani ya koo inapobisha mlango wa moyo

KWA mkazi wa Othaya aliyewahi kutibiwa saratani ya koo, kuhema kwa shida na kufura miguu huweza kudhaniwa kuwa uchovu wa mionzi, shinikizo la damu au nimonia iletwayo na baridi ya Aberdare. Kwa wachache, hata hivyo, ni moyo wenyewe uliovamiwa.

Saratani za kichwa na shingo kwa kawaida huenea kwanza katika tezi za shingo, kisha mapafu, ini na mifupa. Moyo hufikiwa kwa nadra. Hata hivyo, uvimbe wa saratani moyoni aghalabu huwa umetoka kwingine mwilini, wala haukuanzia humo. Seli hupitia katika damu au limfu, zikatua kwenye msuli wa moyo au utando unaouzunguka. Maji yakijaa ndani ya utando huo, moyo hubanwa ukashindwa kusukuma damu.

Hatari kubwa ni ukimya wake. Baadhi ya visa hugunduliwa mgonjwa akiwa ameshafariki. Ilhali kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti hakina maumivu, na maji yakionekana mapema huweza kuvutwa kwa sindano, mgonjwa akapata nafuu hata pale ambapo kupona hakutarajiwi.

Othaya, eneo ambalo marehemu Mwai Kibaki aliliwakilisha bungeni kuanzia 1974 hadi 2013, lina hospitali kubwa inayoitwa kwa jina lake. Faida yake kwa mwananchi itapimwa kwa wataalamu, vipimo na dawa, wala si kwa ukubwa wa majengo. Mgonjwa anayelazimika kusafiri hadi Nairobi kila mara hukata tamaa kabla ya tiba kukamilika.

Hata hivyo, vita hivi huanzia mbali na moyo. Tumbaku na pombe ndizo chanzo kikuu cha saratani hizi, na zikitumiwa pamoja madhara huzidi maradufu. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku 2007 na ya pombe 2010, lakini mapema 2024 pombe haramu iliua watu kadhaa katika kaunti jirani ya Kirinyaga.

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, sauti inayokwaruza au uvimbe shingoni si mambo ya kungojea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo haujengeki upya.