GOTI LA BANDIA: TUNABISHANIA CHUMA, KANO TUMEZISAHAU

Nimelipia saa moja tu hapa kafe, kwa hiyo tuingie kwenye ishu.

Wiki iliyopita kaka yangu alirushiwa kwenye simu tangazo la wakala mmoja anayepeleka wagonjwa India. Picha ya roboti, picha ya goti la chuma linang'aa kama rimu mpya ya pikipiki, na ahadi kibao. Ubishi ukaanza pale pale sebuleni, maana mama mkubwa yeye goti la bandia analo tayari, la mwaka juzi, na halijamtoa kwenye shida.

Hospitali aliyofanyiwa siitaji, sijaja hapa kumchafua mtu. Ukiangalia eksirei kila kitu kimenyooka. Vipimo vimesema hakuna maambukizi. Akitembea sehemu tambarare huwezi kujua kama alipasuliwa. Shida ni ngazi. Akishuka daladala pale Tandika, konda anagonga bodi anaharakisha watu, na goti, kwa maneno yake mwenyewe, "linanikimbia". Mara mbili kadakwa na abiria. Siku hizi daladala hapandi tena, mpaka bajaji, na hela ya bajaji kila siku mnaijua wenyewe. Akirudi kliniki anaambiwa chuma kimekaa vizuri mama, fanya mazoezi.

Na mimi nakubali kabisa kwamba chuma kimekaa vizuri. Hapo ndipo inapoanzia hoja yangu.

Mimi si daktari, ni mtu wa fomu siksi tu niliyeshinda nasoma mambo haya kwa sababu ya mama mkubwa. Lakini nilichokiona ni hiki: goti lina kano kubwa nne. Kano ni zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, mtaani tunaziita mishipa, maana kwetu kila kitu mishipa. Mbili ziko pembeni, ya ndani na ya nje. Mbili zinapishana katikati. Kwenye magoti mengi ya bandia ile ya mbele ya katikati huondolewa, ya nyuma inategemea aina ya goti, na za pembeni hubaki. Na goti la bandia la kawaida halina bawaba kama ya mlango. Chuma cha upande wa paja kinakalia tu plastiki iliyo juu ya mfupa wa muundi. Kinachozuia goti lisiyumbe huku na huku ni zile kano.

Sasa mtu aliyesagika goti miaka mingi, mara nyingi mguu ushapinda. Akiwa na matege, kano ya ndani imejikunyata na ya nje imelegea. Hapo kazi ya daktari inafanana na ya fundi baiskeli mwenye rimu inayoyumba. Hawezi kukaza spoku moja akaondoka. Akivuta huku, kule kunabadilika, anazungusha, anaangalia, anarudi tena.

Ngoja niieleze vizuri maana ndiyo roho ya habari yote. Mifupa ikishakatwa, inabaki nafasi katikati. Daktari anaipima mara mbili: mguu ukiwa umenyooka, na goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Zinatakiwa zikaribiane, na upande wa ndani na wa nje navyo visipishane sana. Kwa nini? Kwa sababu plastiki itakayojaza pale ni moja. Tuchukue namba rahisi. Mguu ukinyooka nafasi inataka plastiki ya milimita 10, ukikunjwa inataka ya milimita 14. Akiweka ya 10, mgonjwa akisimama yuko fiti, akikunja goti linacheza. Akiweka ya 14, akikunja yuko fiti, lakini mguu haunyooki tena, anatembea kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Hakuna plastiki ya kuokoa hali hiyo. Inabidi arudi kwenye mfupa akate tena kidogo, au abadilishe saizi ya chuma cha paja, au ailegeze kano iliyokaza, wengine huitoboatoboa kwa sindano kidogo kidogo. Akizidisha kuilegeza, ndiyo imetoka hiyo.

Milimita nne tu, jamani. Na mtu anaposhuka ngazi goti limekunjwa na limebeba uzito wa mwili mzima. Eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa na chuma, kano haizionyeshi. Ili kulegea kuonekane, daktari lazima alisukume goti kwa mkono huku na huku, limenyooka na limekunjwa, au lipigwe picha huku linasukumwa. Sisemi huo ndio ugonjwa wa mama mkubwa, hilo la wenye taaluma. Nasema kila akienda inaangaliwa picha, goti lenyewe halijashikwa.

Mabingwa wenyewe wamebishana tangu miaka ya 1970. Freeman kule London na Insall wa New York walishikilia kwamba nafasi ipangwe kwa kuzifuata kano. Wengine wanakata kwa vipimo vya mfupa kwanza, kano baadaye. Akaja Howell wa California na wenzake wanaosema rudisha goti lilivyokuwa kabla halijasagika, kano uziache zilivyo. Ubishi haujaisha, lakini hakuna upande unaosema kano hazihusu.

Haya, tuje kwenye habari za bei. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha bei ya magoti ya bandia. Lile la kobalti na kromiamu, ambalo ndilo linalotumika sana, lilikuwa linauzwa kwa wastani wa rupia 158,324. Likashushwa hadi 54,720 kabla ya kodi. Yaani theluthi mbili ya bei, karibu, ilikuwa hewa. Mimi niliposoma nilishangilia, na hata huku kwetu mawakala wakapata la kutangaza. Ila tazama kilichopunguzwa: ni chuma. Chuma kina namba, kina boksi, serikali inaweza kukishika bei. Dakika anazotumia daktari kupima nafasi, kulegeza na kupima tena, hizo haziko kwenye boksi lolote, na hakuna risiti inayoziandika.

Roboti je? Stryker ya Marekani iliinunua kampuni ya MAKO mwaka 2013 kwa kama dola bilioni 1.65, na mwaka 2015 roboti hiyo ikaruhusiwa Marekani kwa goti zima. Siyo mchezo. Inamwonyesha daktari nafasi kwa milimita kwenye skrini kabla hajakata. Lakini anayeuvuta mguu ili kano zikaze, na anayeamua kulegeza au kuacha, ni daktari. Kuna na sensa zinazowekwa ndani ya goti kupima mkandamizo wa kila upande. Majaribio yaliyolinganisha wagonjwa wa sensa na wa mkono wa daktari hayajaonyesha tofauti kubwa kwa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kumwambia mzee auze kiwanja kwa sababu tu kuna roboti, mimi hapo nashuka.

Kinachonikera ni hesabu tunazopenda kutoa. Hospitali ikitangaza, hapa au India, inatangaza magoti mangapi imeweka. Yaliyowekwa! Wenzetu Sweden walianza daftari la taifa la magoti mwaka 1975, wanaandika kila lililowekwa na kila lililorudiwa, na kwa nini. Mtasema Sweden tajiri. Malawi walianzisha daftari lao la viungo bandia mwaka 2005, Malawi hii hii tunayopakana nayo ziwani.

Na hata daftari halitoshi, maana mama mkubwa hajarudiwa upasuaji. Kwenye daftari angehesabiwa goti zima. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Ontario, Kanada: kati ya watu 100 waliowekewa goti, 19 hawakuridhika. Kanada hiyo, yenye kila kitu. Sababu si kano peke yake, yapo maumivu na matarajio makubwa mno, lakini kulegea kwa goti ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kurudi tena mezani. Uingereza tangu 2009 wanampa mgonjwa fomu kabla ya upasuaji na miezi sita baadaye. Fomu ya goti ina maswali 12 tu, la kushuka ngazi limo, na la goti kukuachia ghafla limo. Karatasi na kalamu! Hiyo haihitaji dola bilioni.

Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mabingwa wa mifupa tunao, pale MOI Muhimbili magoti yanawekwa. Ombi langu kwa wenye kushika hela ya bima ni dogo: anayelipia goti aulize na karatasi ya maswali 12. Mgonjwa asipojazishwa, hospitali ijieleze. Wengine mtaniambia nawabebesha madaktari mzigo wakati foleni ni ndefu. Sawa, foleni naijua, nimekaa nayo. Ila mama mkubwa amekaa kwenye foleni hiyo hiyo mara tano bila goti lake kusukumwa huku na huku hata mara moja.

Dakika zangu zinaisha, jamaa wa kaunta ameanza kuniangalia. Alhamisi tunarudi kliniki. Nimemwandikia kwenye daftari maswali matatu: goti langu limelegea likikunjwa? Linaweza kupigwa picha huku linasukumwa? Na mazoezi yakishindikana, nani hapa anarudia magoti na amesharudia mangapi? Yeye kaongeza la nne kwa mkono wake, kwamba lini atapanda daladala. Wenye mzazi au bibi aliyewekewa goti, hapa au India, andikeni hapo chini: akishuka ngazi inakuwaje?