Mchoro kwanza, mawe baadaye

MAREHEMU baba alituachia watoto wake wanne ekari mbili za mailo, nje kidogo ya Kampala. Mwaka 2017, baada ya mahakama kutukabidhi usimamizi wa mirathi, tulifanya kama wafanyavyo wengi. Tulimwita mpima, tukazika mawe ya mipaka, tukagawana. Karatasi tulisema zitafuata.

Zilipofuata, zilikataliwa, na kwa haki. Mchoro wetu haukuwa na njia. Kiwanja cha dada yetu mdogo kilizungukwa na vya kaka zake pande tatu, na upande wa nne ni kinamasi. Mzee mwenye kibanja, aliyemlipa baba busuulu tangu tukiwa watoto, hakuonekana popote. Tuling'oa mawe, tukamlipa mpima mara ya pili. Kibaya zaidi, kaka yangu alikuwa ameshajenga msingi palipotakiwa kupita njia. Hadi leo yeye na dada wanasalimiana kwa shida.

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya mjini tu. Sivyo. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Katiba ya 1995 inasema vinamasi vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja halali. Hafutwi kwa kalamu ya mpima.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu: kabla ya jiwe la kwanza kuzikwa, mpelekeeni afisa mipango mchoro wa awali. Chukueni nakala ya hati na ramani inayoonyesha viwanja vya majirani. Mchoro uonyeshe ukubwa wa kila kipande, njia ya kukifikia, maji ya mvua yanakoelekea, nyumba zilizopo, vibanja vya watu na makaburi ya ukoo. Kaeni nao kwanza nyumbani, dada zenu wakiwapo, ndipo mwende ofisini.

Nanyi mlio maofisini, msijitoe. Watu wengi huogopa kuuliza mapema kwa sababu kuuliza kumekuwa mwanzo wa "njoo kesho" na wa kitu kidogo. Bandikeni ukutani orodha ya vinavyotakiwa na ada zake. Tengeni siku moja kila mwezi ya kutazama michoro ya awali, ili mwananchi aambiwe kasoro akiwa bado hajatumia fedha.

Kosa lililo kwenye karatasi hufutwa kwa raba. Likishaingia ardhini hufutwa kwa nyundo, na likiingia kati ya ndugu, sijaona bado kinacholifuta.